Mipangilio ya AutoCAD ina makao yake: mwongozo kwa ofisi ndogo za michoro Lubumbashi

Tulikuwa tunamalizia michoro ya hangari ya karakana, upande wa barabara ya Likasi. Kijana wetu wa mafunzo alipokea faili ya mihimili ya chuma kutoka kwa mshirika wa kazi, akaiingiza ndani ya mchoro mkuu, kisha akaniita: "Yaya, mihimili yote imekuwa kama vijiti vya kiberiti. Ni namna gani?" Nikapima mmoja. Mhimili wa milimita 6000 ulionyesha urefu wa 236.22. Aliyewahi kupatwa na jambo hili huitambua namba hiyo papo hapo: ni 6000 kugawanya kwa 25.4. Hakuna aliyekosea kuchora. Mchoro mkuu ulianzishwa kwenye kompyuta mpya ambayo hakuna aliyekuwa ameipanga, na programu ikauandikia, bila kuuliza, kwamba kizio chake ni inchi.

Mchana mzima ulikwenda katika kurekebisha, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi. Tangu hapo mipangilio ya kompyuta zetu naishughulikia kwa uzito ule ule ninaoupa mahesabu ya chuma. Utaratibu ulio hapa ndio tunaoufuata kwenye biro, kama tunavyoita ofisi huku kwetu. Nimeuandika kwa AutoCAD, programu ya kuchora michoro kwa kompyuta, kwa kuwa ndiyo iliyo mezani kwa wengi wetu, na mwishoni nitagusa programu nyingine kidogo.

Jambo moja kabla ya kuanza. Wengi Lubumbashi tunatumia toleo la Kifaransa, ambalo amri ya mstari ni LIGNE na si LINE. Ukiweka alama ya mstari wa chini mbele ya amri ya Kiingereza, kama _LINE au _OPTIONS, programu inaielewa katika toleo la lugha yoyote. Kwa hiyo amri zote hapa nimeziandika hivyo. Majina ya vigeu vya mfumo, yaani maneno kama INSUNITS ambayo kila moja limebeba thamani fulani, hayatafsiriwi, basi yaandike kama yalivyo.

Jua kila mpangilio unakaa wapi

Ukielewa sehemu hii, nyingine zote zitakuwa nyepesi. Mipangilio ya AutoCAD ina makao matatu.

Makao ya kwanza ni ndani ya mchoro wenyewe. INSUNITS (kizio cha mchoro), LTSCALE (skeli ya mistari ya vipande), MIRRTEXT, MEASUREMENT, leya (tabaka za mchoro), mitindo ya maandishi na ya vipimo, vyote vinasafiri na faili ya DWG, yaani faili ya mchoro wenyewe. Ukibadilisha LTSCALE leo kwenye mchoro wa nyumba ya Katuba, mchoro utakaouanza kesho hautajua lolote. Nimeona vijana wakirekebisha kitu kimoja kila asubuhi kwa miezi, wakidhani programu ni mbovu, kumbe walikuwa wanarekebisha mchoro na siyo programu.

Makao ya pili ni rejesta ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya kompyuta, chini ya jina la mtumiaji. Humo mna SAVETIME, FILEDIA, OSMODE, PICKADD, MEASUREINIT na wenzao wengi. Hivi haviendi na mchoro popote. Vinabaki kwenye kompyuta, tena kwa mtu mmoja tu: mwenzako akiingia kwenye kompyuta ile ile kwa jina lake la Windows, anakuta mipangilio ya kiwandani.

Makao ya tatu ni faili zilizo kando: acad.pgp yenye vifupisho vya amri, acad.cuix yenye menyu na vitufe, faili za CTB zinazopanga unene wa mistari wakati wa kuchapisha, faili za PC3 za printa, na fonti. Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa, kwa sababu mchoro hubeba jina tu la faili ya CTB au la fonti ya SHX. Faili yenyewe inabaki kwako. Ukimpelekea mtu wa Kolwezi DWG peke yake, umempa orodha ya vitu asivyo navyo.

Kujua makao ya kigeu chochote, andika jina lake kwenye mstari wa amri kisha bonyeza F1. Ukurasa wa msaada utakuonyesha kama kinahifadhiwa kwenye mchoro, kwenye rejesta, au hakihifadhiwi kabisa. Fanya hivyo kila unapotaka kubadilisha kitu usichokijua.

Piga nakala ya hali ilivyo sasa

Usiguse chochote kabla ya hatua hii, hata kama mipangilio yako ya sasa huipendi. Mambo matatu yanatosha.

1. Andika _SYSVDLG. Ni chombo kilicho kwenye zana za Express, na kinaorodhesha vigeu vyote pamoja na thamani zake. Hifadhi vyote katika faili ya SVF. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyasoma kwa Notepad.
2. Andika _OPTIONS, nenda kwenye kichupo cha wasifu (seti ya mipangilio yenye jina lake), chagua wasifu unaotumika, kisha uusafirishe nje kama faili ya ARG. Anayetumia AutoCAD LT aruke hatua hii, kwa sababu LT haina wasifu.
3. Kwenye upau wa anwani wa Windows andika %APPDATA%\Autodesk, fuata folda ya toleo lako mpaka ndani ya folda ya lugha (enu ni Kiingereza, fra ni Kifaransa), na unakili folda zote mbili, Support na Plotters, kwenye diski nyingine.

Kuna pia njia fupi: kwenye menyu ya Start ya Windows, ndani ya folda ya AutoCAD, mna chaguo la kusafirisha mipangilio yote kama faili moja ya zip. Naitumia ninapohamisha mtu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ya toleo lile lile. Kwa kazi ya kila siku napendelea zile hatua tatu, kwa sababu naona kilichomo na naweza kurudisha kipande kimoja bila kugusa vingine.

Tengeneza folda moja ya ofisi

Sisi tumeiita BIRO, na iko kwenye diski ya pamoja. Ndani yake mna folda za violezo, unene wa mistari, fonti, menyu na programu ndogo za LISP, lugha ya kuandikia kazi za AutoCAD. Mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuandika humo, wengine wanasoma. Ofisi isiyo na mtandao wa ndani inaweza kuweka folda hii kwenye kila kompyuta kwa njia ile ile, yaani anwani ile ile ya folda, tuseme D:\BIRO, na kuisambaza kwa flashi kila inapobadilika. Njia lazima iwe sawa herufi kwa herufi kwenye mashine zote.

Kisha ifahamishe programu. Kwenye _OPTIONS fungua kichupo cha Fichiers (Files kwa Kiingereza), nenda kwenye orodha ya njia za kutafutia faili za msaada, ongeza folda yako na uipandishe juu kabisa. Mpangilio wa orodha hiyo una maana kubwa: programu inatafuta kuanzia juu kwenda chini na inachukua faili ya kwanza inayokutana nayo. Ukiwa na acad.pgp mbili, iliyo juu ndiyo inayosomwa, na ile ya pili unaweza kuirekebisha siku nzima bila kuona badiliko lolote. Mtu akiniambia vifupisho vyake vimekataa kufanya kazi, mahali pa kwanza ninapoangalia ni hapa.

Faili zilizokuja na programu usizibadilishe. Nakili, ipe nakala jina lako, ufanye kazi kwenye nakala. acad.ctb ibaki acad.ctb. Ukitaka yako, iwe BIRO.ctb. Sababu ni kwamba kila kompyuta duniani yenye AutoCAD ina acad.ctb, na wewe ukibadilisha ya kwako, jina linabaki moja huku maana zimekuwa mbili.

Kiolezo: kazi kubwa iko hapa

Kila kinachokaa ndani ya mchoro kinapangwa mara moja tu, kwenye kiolezo cha DWT, yaani faili ambayo kila mchoro mpya huanzia. Programu inakuja na viwili vinavyojulikana sana: acad.dwt wa inchi na acadiso.dwt wa milimita. Anzia kwenye acadiso.dwt, kisha ufuate mpango huu.

Andika INSUNITS uweke 4 kwa milimita, au 6 kwa mita. Andika MEASUREMENT uhakikishe ni 1, ili mistari ya vipande na mijazo (michoro ya kujaza eneo) isomwe kutoka acadiso.lin na acadiso.pat. Ikiwa 0, programu inasoma zile za inchi, ambazo mistari yake ya vipande ni mifupi mara 25.4 hivi. Mstari wa vipande unaoonekana kama mstari mzima mara nyingi unatokana na hapo, au na LTSCALE isiyolingana.

Panga mtindo wa vipimo. ISO-25 uliomo unatumia maandishi ya milimita 2.5 na mkato kama kitenganishi cha desimali. Kwetu mkato unafaa kwa sababu tumesoma kwa Kifaransa na wajenzi wetu wanasoma 3,50 bila shida. Lakini mwambie kila mgeni wa ofisi jambo hili kwa sauti: mkato huo ni wa kuonyesha tu. Kwenye mstari wa amri lazima aandike nukta, 3.5. Akiandika 3,5 programu inasoma kuwa X ni 3 na Y ni 5, mstari unakwenda kusikojulikana na hakuna onyo linalotokea. Makosa haya nimeyakuta kwenye mchoro wa msingi wa nyumba, ambako ukuta mmoja ulipinda kidogo sana, kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Tengeneza leya kwa majina ambayo ofisi nzima imekubaliana. Kifaransa au Kiingereza, vyovyote, lakini lugha moja. Ongeza mitindo ya maandishi, kurasa za A3 na A1 pamoja na mipangilio yao ya kuchapisha, na fremu yenye sehemu ya jina la mteja na namba ya mchoro. Mwishoni endesha _PURGE kuondoa mabaki, kisha uhifadhi kama DWT ndani ya folda ya ofisi.

Ninashauri violezo viwili, na nitaeleza kwa nini. Mpima ardhi anakuletea kiwanja katika mita, kwa koordineti za UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia katika kanda. Lubumbashi, Bukavu na Goma zote ziko kanda ya 35 Kusini, ambamo kaskazini huhesabiwa kutoka ikweta iliyopewa thamani ya mita 10,000,000. Kwa hiyo kiwanja cha hapa Lubumbashi kina kaskazini ya takriban 8,710,000. Ukikigeuza kuwa milimita, namba inakuwa zaidi ya bilioni nane, na hapo ndipo mijazo inapoanza kuharibika, duara zinaonekana zenye kona na ushikaji wa nukta (osnap) unatangatanga. Kwa hiyo tuna BIRO-KIWANJA.dwt katika mita, kwa ajili ya ramani ya kiwanja, na BIRO-JENGO.dwt katika milimita, ambamo jengo linachorwa karibu na sifuri. Vinaunganishwa kwa marejeo ya nje, yaani mchoro mmoja kuonekana ndani ya mwingine kwa amri ya _XREF, na INSUNITS ikiwa sahihi pande zote mbili, programu inabadilisha vizio yenyewe. Ikiwa upande mmoja umekosewa, vijiti vya kiberiti vinarudi.

Kiolezo kikishakuwa tayari, iambie programu ikitumie. Kwenye _OPTIONS, kichupo cha Fichiers, kuna mipangilio ya violezo, na ndani yake jina la kiolezo cha QNEW, amri ya kufungua mchoro mpya. Weka njia ya BIRO-JENGO.dwt hapo. Sehemu hii inakuja tupu, na ndiyo iliyotuponza siku ile: aliyefungua mchoro mpya alipewa orodha ya violezo, akabonyeza cha kwanza alichokiona, acad.dwt. Tena weka MEASUREINIT kuwa 1 kwenye kila kompyuta, ili hata mchoro unaoanzishwa bila kiolezo uzaliwe wa metriki.

Umeme ukikatika

Anayefanya kazi hapa mjini hahitaji kuelezwa kuhusu SNEL, shirika letu la umeme. Programu huhifadhi nakala ya dharura yenyewe, lakini chaguo-msingi ni kila dakika 10, na dakika 10 za mtu mwenye mkono mwepesi ni kazi nyingi. Weka SAVETIME kuwa 5. Hakikisha ISAVEBAK ni 1, ili kila unapohifadhi, nakala ya kabla yake ibaki kama BAK. Kisha angalia SAVEFILEPATH: faili za dharura, zenye mwisho wa sv$, zinaangukia kwenye folda ya muda ya Windows ambayo programu za kusafisha kompyuta huifuta. Zihamishie kwenye folda yako, mfano D:\DHARURA.

Umeme ukirudi, andika _DRAWINGRECOVERY uone kilichookolewa. Isipoonyesha kitu, nenda kwenye folda ile, nakili faili ya sv$, badilisha mwisho wake uwe dwg, uifungue. Ujue pia kwamba faili hizo hufutwa mchoro unapofungwa kwa utaratibu wa kawaida. Zinaokoa kazi ya mtu aliyekatikiwa na umeme, hazimsaidii aliyefunga mwenyewe bila kuhifadhi.

Vigeu hivi vitatu vinakaa kwenye rejesta, kwa hiyo unaviweka kwenye kila kompyuta na kwa kila jina la mtumiaji.

Vifupisho na vitufe

Nakili acad.pgp kwenye folda ya ofisi, jina likibaki lile lile, na ufungue nakala hiyo kwa Notepad. Mwishoni kabisa kuna sehemu iliyotengwa kwa ajili ya vifupisho vya mtumiaji. Andika vyako hapo na usichanganye na vya juu, kwa sababu kifupisho kikitajwa mara mbili, cha mwisho ndicho kinachoshika. Kila kifupisho ni mstari mmoja: herufi zako, mkato, nyota, jina la amri. Hifadhi, rudi kwenye programu, andika _REINIT, uweke alama kwenye kisanduku cha faili ya PGP. Hakuna haja ya kufunga programu.

Kuhusu menyu na vitufe sitasema mengi. Usihariri acad.cuix. Kwa amri ya _CUI tengeneza faili yako ndogo, BIRO.cuix, weka vitufe vyako humo, na uipakie kwa _CUILOAD. Siku ukibadilisha toleo la programu, unaipakia tena na hujapoteza kitu.

Karatasi: ambako mteja anaona

Unene wa mistari ndio unaofanya mchoro usomeke. Ukuta uliokatwa ukiwa 0.50, mlango 0.25 na mjazo 0.13, fundi anaona jengo mara moja. Vyote vikitoka 0.25, anaona utando wa buibui. Unene huo tumeuweka kwenye BIRO.ctb, kwa rangi: rangi 1 unene fulani, rangi 2 unene mwingine. Ukiandika _STYLESMANAGER, folda ya faili hizi inafunguka, na unaweza kunakili monochrome.ctb kisha kuirekebisha.

Ili programu iitafute BIRO.ctb kwenye folda ya ofisi, rudi kwenye kichupo cha Fichiers na ubadilishe njia ya kutafutia jedwali za mitindo ya uchapishaji. Kumbuka tu kwamba ukibadilisha njia hiyo, zile za asili hazitaonekana tena, basi nakili unazozihitaji uziweke humo.

Wengi wetu hatuna plota yetu. Tunapeleka kazi mjini kwa mtu wa kuchapisha, kwa flashi. Usimpelekee DWG. Kompyuta yake haina BIRO.ctb, na mistari itatoka kwa rangi au kwa unene mmoja. Mpelekee PDF, iliyotengenezwa nyumbani kwako kwa DWG To PDF.pc3, na umwambie achapishe kwa ukubwa halisi bila kuipunguza ili itoshee karatasi. Mhandisi mwenzako anayehitaji DWG yenyewe, mfungashie kwa _ETRANSMIT: inakusanya mchoro, marejeo ya nje, fonti na CTB ndani ya zip moja.

Wasifu mmoja kwa wote

Njia zote ulizoziweka kwenye _OPTIONS zinaingia ndani ya wasifu. Ukimaliza kupanga kompyuta ya kwanza, upe wasifu jina BIRO, usafirishe kama BIRO.arg, uuweke kwenye folda ya pamoja. Kwenye kompyuta ya pili unauingiza na kuufanya wa sasa. Afadhali zaidi, nakili ikoni ya AutoCAD, fungua sifa zake, na mwishoni mwa njia ya programu ongeza:

/p "D:\BIRO\BIRO.arg"

Anayebonyeza ikoni hiyo anaingia kwenye mipangilio ya ofisi. Ikoni ya asili iache ilivyo, kwa sababu siku ya matatizo utaihitaji kulinganisha.

Kuna vigeu vichache vya rejesta ambavyo tunataka viwe sawa kila mchoro unapofunguliwa, hata kama mtu alivigusa jana. Vile tunaviandika kwenye acaddoc.lsp, faili ambayo programu huisoma kila mchoro unapofunguka:

(setvar "SAVETIME" 5)
(setvar "FILEDIA" 1)
(setvar "PICKADD" 2)

Weka vigeu vya rejesta peke yake. Usithubutu kuandika LTSCALE au INSUNITS humo. Ukifanya hivyo, kila mchoro wa mteja unaoufungua, hata kwa kuuangalia tu, unabadilishwa bila wewe kujua, na ukiuhifadhi umeuharibu.

Na hapa kuna hatari ya kweli. Kuna virusi vya AutoCAD vinavyosafiri kwa majina ya acad.lsp, acaddoc.lsp au acad.fas, vikijinakili kwenye folda za michoro. Flashi ikipita ofisi tatu, inaweza kurudi navyo. Andika SECURELOAD na uweke 2, kisha kwenye TRUSTEDPATHS uiandike folda ya LISP ya ofisi. Hapo programu itakubali kuendesha LISP kutoka kwenye folda zinazoaminika tu. Ukikuta acad.lsp ndani ya folda ya mradi na hakuna aliyeiweka, usifungue mchoro wowote mle kabla ya kuifuta.

Mambo yakienda kombo

Matatizo mengi ya ghafla ni kigeu kimoja tu kilichogeuka, mara nyingi kwa sababu programu ndogo ya LISP ilikatizwa kwa Esc katikati ya kazi, kabla ya kurudisha thamani ilizozikuta. Amri ya kufungua faili haileti dirisha, inauliza jina kwenye mstari wa amri? FILEDIA imekuwa 0, irudishe 1. Ukichagua kitu cha pili, cha kwanza kinaachiwa? PICKADD irudishe 2. Maandishi yanageuka kama kwenye kioo unapoakisi chumba? MIRRTEXT iwe 0, na hicho ni cha mchoro, kwa hiyo rekebisha na kiolezo pia. Ushikaji wa nukta umezimika wote? OSMODE imeachwa 0.

Tangu toleo la 2016 kuna _SYSVARMONITOR. Unaiorodheshea vigeu unavyovijali na thamani zake, nayo inakupa taarifa kimoja kikibadilika. Iwashe kwenye kompyuta ya kijana anayejifunza, ajue kilichogeuka saa ile ile kilipogeuka.

Ikishindikana kabisa, menyu ya Start ina chaguo la kurudisha mipangilio ya kiwandani. Itakuuliza kama upige nakala kwanza. Kubali. Inafuta mipangilio ya mtumiaji na kuleta upya ile ya asili, na vifupisho, vitufe na wasifu vinaondoka. Kama umefuata mwongozo huu, urejeshaji ni wa dakika chache: unabonyeza ikoni ya BIRO, wasifu unaingia, folda inaonekana, umerudi kazini.

Programu nyingine, kwa ufupi

Swali la makao linafaa kila mahali. Robot Structural Analysis, programu ya kukokotoa majengo, inayatenganisha waziwazi: mapendeleo ya programu ni kitu kimoja, na mapendeleo ya kazi husika, Kifaransa kinayaita préférences de l'affaire, ni kingine. Kanuni za kukokotoa, BAEL 91 au Eurocode, pamoja na vizio na aina za zege, vinakaa kwenye ya pili. Fungua dirisha hilo kabla ya kuchora nguzo ya kwanza, kwa sababu kukokotoa zege kwa kanuni ambayo hukuichagua ni kosa zito kuliko mstari mwembamba. FreeCAD, programu ya bure ya kuchora, huandika mipangilio ya mtumiaji kwenye faili ya user.cfg, ambayo unaweza kuinakili. QGIS, programu ya ramani, ina wasifu za watumiaji tangu toleo la 3.

Jaribio la mwisho

Kabla hujamkabidhi mtu kompyuta uliyoipanga, tengeneza mchoro wa majaribio na uuweke kwenye folda ya ofisi: mstari wa milimita 100, mstari wa vipande, mjazo, kipimo kimoja, maandishi yenye é na ç, na mihimili ile ya 6000 kama faili ya kuingiza. Fungua mchoro mpya kwa QNEW, ingiza faili hiyo, pima mhimili. Usome 6000. Weka kila kitu kwenye ukurasa wa A3 kwa skeli ya 1:1 kwa ule mstari na 1:50 kwa mihimili, toa PDF, uipeleke mjini ichapishwe. Karatasi ikirudi, chukua rula uweke juu ya ule mstari wa milimita 100. Ukiwa 97, mtu wa kuchapisha ameipunguza ili itoshee. Ukiwa 100, andika tarehe nyuma ya karatasi pamoja na namba ya kompyuta, uitundike juu ya meza hiyo.